Vikombe Vyeupe vya Nguzo za Simu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa simu za waya mjini Bukoba, enzi tunakaa Bilele. Alipostaafu tukarudi kwao, huku Muleba, si mbali na Rubya, akaja na sanduku la mbao ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Alipofariki nikalisukuma uvunguni, miaka yote nikawa nafagia tu pembeni yake. Nililifungua kwa sababu ya wifi.

Wifi yangu huyu ni dada mkubwa wa marehemu. Anakaa ng'ambo ya kibanja. Kutoka mlango wangu mpaka wake ni migomba mitupu, na imeshonana hivi kwamba ukipiga kelele, sauti inaishia kwenye majani. Masika yaliyopita alianguka jikoni kwake, akalala chini tangu chai ya asubuhi mpaka nilipompelekea ndizi za mchana. Hakuvunjika. Lakini mwanawe anayeishi Mwanza akasema yatosha, baada ya wiki mbili, Jumapili, anakuja na gari kumchukua.

"Mwanza nitakaa wapi?" wifi akaniuliza. "Juu ya jiwe? Nikitoka nje nipalilie nini?"

Simu ya mkononi amenunuliwa mbili. Vitufe havioni, anabonyeza kwa gumba kama anayeua kupe. Ya kwanza aliizima, hakujua kuiwasha. Ya pili iliisha chaji, akaifanya ya kuzuia mlango. Na huku bondeni mtandao ni mpaka upande juu ya kichuguu.

Basi nikavuta sanduku. Ndani mlikuwa na simu mbili nyeusi, nzito kama mawe ya kusagia, zile zenye kisahani cha kuzungusha namba. Roli la waya mtupu, usio na ganda la plastiki. Na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha kama mashine ya kusagia nyama. Nikachukua kisu cha kumenyea ndizi nikafungua skrubu za simu moja. Nikainua kifuniko nikitazama mlangoni kama mwizi. Kumbe ndani kuna kengele mbili za shaba na kinyundo katikati, na uzi mwekundu mwembamba kuliko unywele, umezungushwa mara nyingi hata sikuona mwisho wake. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Nilikaa chini nikakitazama kitu kile mpaka maharage yakaungua.

Mjukuu wangu wa kike anasoma ufundi wa umeme Bukoba, amepanga chumba Kitendaguro. Darasani kwao wasichana ni wawili tu, na mtambo ukiwashinda wanaume anaitwa yeye. Hilo namwambia kila anayekaa karibu nami kanisani. Nikapanda kichuguu nikampigia.

"Bibi, usiguse kitu mpaka nije likizo."

"Nimeshagusa. Likizo yako ni baada ya Jumapili. Niambie."

Akacheka, akaniambia. Nitumie betri ya sola ya taa zangu. Waya mmoja unatoka kwenye betri kwenda simu ya kwanza, unapita kwenda ya pili, unarudi kwenye betri, kama watu walioshikana mikono kwenye duara. Nikashuka, nikafunga waya, nikaweka simu moja mezani na nyingine jikoni. Kimya. Nikapanda tena.

"Kile kipande cha kusemea, ukikitikisa, kunachakarika?"

"Kama kuna mchanga."

"Si mchanga, ni punje za mkaa. Zimegandana. Kigonge kwenye goti taratibu."

Mkaa! Mimi ninayeupikia kila siku, sikujua kwamba unabeba maneno. Nikagonga. Nikaweka redio kando ya mkonga wa simu ya jikoni, nikakimbilia wa mezani. Mtangazaji alikuwa mle ndani, mdogo, anasoma habari. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka.

Ila kengele haikulia. Mjukuu akasema kengele hizo hazitaki umeme wa betri, zinataka umeme unaokwenda na kurudi. Nikamweleza kuhusu kile kisanduku cha mkono.

"Bibi, kikae upande wa wifi yako. Akikizungusha, kwako italia. Lakini usishike nyaya wakati..."

Nilikuwa nimeshashika asubuhi ile ile, huku nazungusha. Umeme uliniuma mpaka kwenye kiwiko. Nilipomsimulia wifi akasogeza kigoda mbali nami. "Mdogo wangu ameshakufa, sasa wanitaka mimi?"

Simu ya jikoni na kisanduku nikampelekea wifi, na nyaya nilizipitisha kibanjani mwenyewe, mbili sambamba, nikizifunga kwenye migomba. Kwetu kila kitu hufungwa kwenye mgomba, mbuzi, kamba ya nguo, sembuse waya. Jioni wifi akazungusha mkono. Kwangu ikalia! Nikainua mkonga mbio.

"Halo, unanisikia?"

"Nakusikia. Mbona husalimii?"

"Wifi, tunajaribu mitambo."

"Mitambo ndiyo inakufundisha adabu hiyo?"

Mke kwetu humpigia magoti dada wa mumewe, na huyu amenizidi miaka kumi. Nikapiga magoti kwenye sakafu, mkonga sikioni, nikamwamkia vizuri kwa Kihaya.

"Umepiga magoti?"

"Nimepiga."

"Sioni."

"Basi njoo uone!" Tukacheka wote, kicheko chake kikaniingia sikioni kama yuko nyuma ya pazia.

Ijumaa mvua ikanyesha, sauti ikafa. Wifi alizungusha mpaka akachoka mkono, kwangu kinyundo kikatetemeka tu. Siku mbili zimebaki. Mjukuu alikuwa kwenye mtihani, simu yake imezimwa. Nikasimama kibanjani na mwamvuli, naangalia maji yanavyoteremka kwenye waya na kuingia mgombani. Nikakata gubi moja la mgomba kwa panga. Maji yakachuruzika mkononi. Mgomba wote ni maji, na mimi nimeufunga umeme wangu humo!

Hapo nikavikumbuka vile vikombe vyeupe vya juu ya nguzo za simu. Nilipoolewa nilimuuliza mume wangu ni vya nini, akasema, "Ni ili maneno yasimwagike chini." Nilidhani ananichezea kwa sababu sikusoma.

Vikombe kama hivyo sikuwa navyo. Nilikuwa na chupa tupu za plastiki. Jumamosi nilizikata shingo, nikazipigilia kwenye miti mikavu, nikapitisha waya humo, usiguse jani wala shina. Vidole vilivimba.

Jumapili mvua ikanyesha tangu alfajiri. Gari la mwana wa wifi likafika kwangu kwanza, maana barabara inaishia kwangu. Akaiona simu.

"Hii si ya makumbusho?" akaniuliza.

Kabla sijamjibu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na unga. "Pokea," nikamwambia.

Akainua. Siku hiyo mamaye hakungoja kuamkiwa, na sauti ilikuwa kali hata mimi niliisikia: "Wewe, njoo uniepulie sufuria la chai, mguu leo umegoma. Na huyo mtoto akifika usimwambie, atanibeba kama gunia."

Nikajua basi, nimempeleka Mwanza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwanamume yule akaweka mkonga pale mezani, akatoka na viatu vyake vya mjini kwenye matope. Mimi nikamfuata polepole. Nilipofika sufuria lilikuwa chini, chai imemiminwa, na wifi amemkazia macho.

"Nani amekwambia?"

"Waya, mama."

Mwanawe akanywa chai. Akatazama kisanduku, akazungusha mkono, akasikiliza. Kisha akanigeukia. "Akipiga na mvua inanyesha hivi, nani atakuja?"

"Nimekuja," nikasema. Nguo zilikuwa zinanidondoka maji sakafuni kwake.

Begi la wifi lilikuwa limefungwa tayari, liko kitandani. Mwanawe alilishusha mwenyewe, akalisukuma uvunguni kwa mguu. "Mpaka kiangazi," akasema. "Halafu tutaona."

Sasa tuko kiangazi. Wifi ananipigia kuniuliza kama nimesikia kuku wake akitaga. Sauti ikififia nagonga kipande cha kusemea gotini, na magoti yenyewe yako tayari sakafuni, maana huyo hasemi lolote kabla hajaamkiwa.