Mwani wa Mama Huku Malaba

Mama alipoanguka shambani kwake Sigalame, alilala kwenye matuta ya viazi mpaka jirani aliyekuwa akitafuta mbuzi wake akamkuta. Mguu aliouumiza ulipona. Mimi sikupona. Nilimleta Malaba, kwenye nyumba yangu ya kupanga yenye ua wa saruji, nikamwambia ni kwa muda tu. Sote wawili tulijua nasema uongo, lakini aliyeona haya ni mimi peke yangu.

Mama hajawahi kukaa bure maishani mwake, na Malaba ilimkalisha. Majirani walizungumza Kiteso, asichokijua. Sokoni walimuuzia sukuma wiki iliyokwisha kukatwa, jambo aliloliona ni dharau. Kila Jumapili baada ya kanisa aliniuliza nitamrudisha lini, na kila Jumapili nilikuwa na sababu: mvua, barabara, foleni ya malori. Sababu zikaanza kuniishia. Kila nilipofikiria yale matuta ya viazi nilibuni nyingine.

Ndipo samaki akaja. Kazi yangu ni kushughulikia karatasi za mizigo mpakani ili lori la mtu livuke kwenda Uganda. Mteja mmoja alikuwa anahamia Kampala kutoka Mombasa, na katikati ya makochi na friji alibeba tangi la kioo lenye maji ya bahari na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe. Makochi yalikuwa na kibali. Samaki hakuwa nacho. Mteja aliniomba nikae na samaki huyo wiki moja tu, akaniachia pampu, taa, mfuko wa chumvi ya bahari na vichupa vya kupimia maji. Tangu hapo hapokei simu zangu.

Jumapili iliyofuata Mama alipouliza habari za safari, nilimjibu kwamba mimi nashinda mpakani, na samaki hawezi kuachwa peke yake. Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akasema sawa, atakaa mpaka mwenye samaki aje kumchukua.

Kwao mtu hali mbele ya mwenzake anayemtazama. Tangi lilikuwa kando ya meza ya chakula, na samaki yule hakuwa na kazi nyingine ila kututazama. Nikamkuta Mama anamkatia tonge la ugali. Nilimweleza kwamba ana chakula chake, punje kidogo asubuhi, basi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Huyu anatuangalia tu tukikula," akasema. "Wewe hiyo ugali inapita aje kwa koo?"

Kwa hiyo samaki alikunywa uji asubuhi, mchana akala dagaa wa omena, na Jumapili akala wali kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Kioo kikaota utando wa kahawia, na mgeni wetu akaanza kuhema. Nilipima maji kwa vile vichupa. Ukiyatia dawa yake, maji mazuri hubaki ya manjano. Yangu yaligeuka mekundu, maana yake yamejaa naitreti, yaani ile taka inayobaki majini chakula na kinyesi vikishaoza. Nikabadilisha maji, yakawa ya manjano. Mama akapika, yakawa mekundu. Chumvi ya mteja ilikuwa inakwisha, na Malaba ina kila kitu isipokuwa bahari.

Kwenye simu nilisoma kwamba wenye matangi hupanda mwani. Mwani hula ile naitreti ili ukue, nawe unaupunguza na kuutoa nje, na taka inatoka pamoja na majani. Nikamwomba dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa siku nyingi, aniletee kutoka Mombasa. Alifika na ndoo ya rangi iliyofunikwa, akaishusha taratibu kama amebeba mayai.

"Boss, nyasi yako ndiyo hii," akasema. "Kila roadblock askari anafungua, anaangalia, halafu ananiuliza kama mimi niko sawa."

Mama alitumbukiza mkono ndooni. Ulikuwa mwani wa kijani kibichi, wenye majani kama manyoya ya kuku na mashina yanayotambaa. Nikaanza maelezo yangu ya naitreti. Akanikatiza: kwa hiyo samaki anatoa samadi, na hii ni mboga? Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo, akakunja mikono ya gauni.

Aliyabana mashina kwa kokoto, moja baada ya jingine, kwa umbali aliouona unafaa. Mwani ulistawi, maana samadi haikupungua hata siku moja. Aliukata kwa kisu cha jikoni, akayasuuza majani chumvi iondoke, akawapelekea kuku wa jirani. Baada ya kuku, jirani mwenyewe alianza kuja, na wale wanawake wawili wakawa wanazungumza Kiswahili ambacho hakuna kati yao aliyekijua vizuri. Jioni nilimkuta Mama amelowa mpaka kiwiko, ananieleza ni upande upi umefanya vizuri. Vichupa vilibaki vya manjano. Safari ya Sigalame haikutajwa Jumapili, wala mimi sikuitaja. Nilikuwa na furaha, na niliiogopa.

Kisha akina mama wa kanisa lake walisafiri kutoka Sigalame kuja kumjulia hali. Waliimba, wakaomba, wakala. Walilitazama lile tangi, mmoja wao akauliza samaki anafugiwa Krismasi au vipi. Mama aliniambia baadaye kwamba alimjibu huyo si wa kula, ni wa samadi.

Sasa, mgeni haondoki kwa Mama mikono mitupu. Nyumbani angewachumia kunde na kuwakatia mkungu wa ndizi. Hapa alikuwa na shamba moja tu. Niliporudi kutoka mpakani nilikuta tangi lina samaki na kokoto. Mwani wote alikuwa ameufunga kwenye mifuko pamoja na maji yake, kila mama na fungu lake, akawashauri watie magadi kidogo ulainike.

"Nimewafungia wote," akaniambia. "Hakuna mwenye ameenda bure."

Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Tangu nimlete Malaba sikuwa nimemwona akikaa kwenye kiti kama mwenye nyumba.

Haikupita wiki, kichupa kikawa chekundu. Aliiona rangi hiyo na hakungoja nimweleze, akaanza kuwapigia simu wageni wake. Walikuwa wamekwisha kuupika, na maoni yao ni kwamba ulihitaji karanga. Mmoja tu hakuupika, kwa sababu haamini mboga inayolala chumba kimoja na samaki. Wake ulikuwa bado mfukoni, majini. Akaurudisha kwa gari la abiria kupitia Busia, na Mama akaupanda tena siku hiyohiyo.

Mboga ilishika. Samaki hakushika. Alizidi kuhema, akaacha kula hata ugali, na asubuhi moja tukamkuta amelala ubavu. Mama alimtoa kwa kijiko, akamweka kwenye kisahani, akamfunika kwa kingine. Nikajua sina sababu tena ya kumzuia. Niliogopa kuliko siku ile jirani aliponipigia simu kutoka Sigalame. Lakini ningemdanganya kwa lipi tena? Kabla hajaniuliza nilimwambia kwamba kesho sina kazi, nitakodi gari, na akitaka nitampeleka nyumbani.

Mama alinawa mikono. Akasimama mbele ya lile tangi lisilo na mtu.

"Hii mboga bado ni changa, baba," akasema. "Sasa itakula nini?"

Akalibana shina moja kwa kokoto.

"Ambia yule dereva akuletee mwingine. Mkubwa kidogo, mwenye anakula vizuri."

Nikampigia dereva kabla sijavaa viatu.