Siku Mama Alipouliza Swali

Mama yangu alikuwa mpiga vigelegele. Kila msimu wa kampeni, gari la matangazo likipita mtaani kwetu Lipangalala, aliacha jembe, akajifunga khanga ya kugawiwa, akawahi uwanjani. Siku moja nilimuuliza kwa nini hamuulizi mgombea chochote. Alicheka.

“Sisi wa kulima tuwaulize nini wakubwa? Kesho ukitaka barua ya mtaa utaipata wapi?”

Sikumlaumu. Alitulea wanne kwa ekari moja ya kukodi, na kila barua, ya shule au ya hospitali, ilipita mkononi mwa mwenyekiti yule yule wa mtaa.

Umeme wa viwandani ulipofika, yeye na wenzake watatu wa jumuiya ya kanisani wakanunua mashine ya kukoboa mpunga. Ilikuwa chakavu, mkanda ukikatika kila wiki. Mama akajifunza kuubadilisha mwenyewe, grisi hadi viwikoni. Wateja wakaongezeka, hata kutoka kijiji cha Kisawasawa. Wengi walikuwa Wasukuma, waliohamia bondeni na ng'ombe na sasa wanalima pia. Mwanzoni aliwapokea shingo upande. Baadaye alijua majina ya watoto wao, na asubuhi akawasalimia kwa Kisukuma, “mwangaluka,” kabla hawajamsalimia yeye.

Ukaja uchaguzi wa mtaa. Mgombea mmoja, kijana wa rika langu, akatangaza mkutanoni kwamba akishinda wafugaji wote wataondoka. Makofi yakapigwa. Mama akanyoosha mkono. Nikamvuta khanga, hakunitazama.

“Baba, mimi ni Mpogoro,” alisema. “Ng'ombe wamekula mpunga wangu mara mbili, uchungu wake naujua. Lakini hao unaotaka kuwafukuza, mpunga wao naukoboa kila siku. Mimi nauliza: njia ya ng'ombe itapita wapi wasiingie mashambani? Na kalavati la barabara ya mashineni litajengwa lini?”

“Mama, hayo tutayazungumza baadaye.”

“Baadaye tutakuwa tumeshapiga kura.”

Watu wakacheka. Kisha mzee mmoja akauliza kuhusu maji, na mwanamke nyuma yetu kuhusu zahanati. Mkutano ukachelewa kwisha.

Kijana yule alishinda hata hivyo. Lakini hakuna aliyeondolewa. Wiki chache baadaye alikuja mashineni, akamwamkia mama shikamoo, akamwomba aingie kwenye kamati ya njia ya mifugo. Mama na mzee mmoja wa Kisukuma walishinda siku nzima juani wakichomeka vigingi kuonyesha njia hiyo. Ugomvi haujaisha, ila umepungua. Kalavati bado.

Nilimuuliza kama hakuogopa.

“Niliogopa. Lakini sasa chakula changu kinatoka mashineni, si kwa wakubwa. Nikinyamaza, nitasingizia nini?”

Nimelifikiria sana jibu hilo. Nina shahada na kiti cha ofisini, vyote kwa jasho lake, na katika mikutano yote niliyohudhuria sijawahi kunyoosha mkono.