Asubuhi Tuliyowaambia Watoto Wachukue Majembe

Mwaka niliopangiwa kazi kwenye yale makazi ya wakimbizi, kilichonisumbua zaidi ni karanga. Nilifundisha darasa la tatu kugawanya kwa kutumia karanga za shamba la shule, na kila nilipogeukia ubao nilisikia watu wanatafuna. Hesabu zikawa hazitoki, watoto wanacheka, nami nacheka. Wengi wao walizaliwa pale pale, karibu na msitu wa Ugalla, kwa wazazi waliokimbia Burundi zamani. Mimi Mfipa niliwakuta wanacheza kwa Kirundi na kusoma kwa Kiswahili.

Kisha vita vikawaka upya huko kwao. Tulivisikia kwanza redioni, halafu vikaja kwa miguu. Watu wenye bunduki, wapiganaji au majambazi, hatukuweza kutofautisha, walianza kupita msituni. Kijiji cha jirani walivunja duka, wakachukua wavulana wa darasa la saba wawabebee magunia. Hawakurudi.

Baada ya hapo madawati yetu yakaanza kubaki matupu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Kasiani, mtu aliyesema polepole hata akigomba, aliita wazazi. Wengi walitaka watoto wakae nyumbani. Yeye akawaambia kwamba nyumbani mtoto anabaki peke yake wazazi wakienda kulima, na aliye peke yake ndiye anayechukuliwa. Walibishana mpaka jua likapinda, wakaelewana. Watoto wangekuja na kurudi kwa makundi, mkubwa akimshika mdogo mkono. Wazazi wangepokezana kukaa mwanzo wa barabara, kuangalia nani anaingia. Hatari ikija, hakuna kengele wala kelele. Mwalimu mkuu angepita kila darasa na kusema, "Chukueni majembe," na watoto wangetoka kwa mstari kama wanaokwenda kulima, wapite kwenye mihogo nyuma ya shule mpaka kwenye korongo lililokauka.

Tulifanya mazoezi kila wiki. Wadogo waliona ni mchezo, nasi tukawaacha waone hivyo.

Siku yenyewe ilikuja wakati uji uko jikoni. Mzazi wa zamu, tuliyemwita Baba Jenerosa, aliingia na baiskeli mbio mpaka mlangoni pa ofisi. Binti yake Jenerosa alikuwa darasani kwangu, anakaa karibu na dirisha, akamwona. Nilidhani atampakia kwenye keria aondoke naye. Yeyote angefanya hivyo, na nisingemlaumu. Alisema maneno machache na mwalimu mkuu, akamtazama mwanawe, akageuza baiskeli kwenda kuwaambia watu wa barabara ya pili, ambao walikuwa hawajui lolote.

Mwalimu Kasiani akaja mlangoni kwangu. Hakupandisha sauti.

"Chukueni majembe."

Wakachukua.

Tulipita kwenye mihogo. Hakuna aliyekimbia.

Korongoni tukalala kifudifudi.

Bunduki ililia upande wa shule. Kisha ikalia nyingine, mbali zaidi, barabarani.

Mtoto mmoja akaanza kukohoa. Dada yake akamkumbatia, akamziba mdomo kwa sketi yake.

Jenerosa alikuwa ubavuni kwangu. "Mwalimu, baba anajua tuko huku?"

"Anajua, mwanangu. Nyamaza."

Tulikaa hapo mpaka jua likainama, ndipo tukamsikia Mwalimu Kasiani anatuita, sauti yake ile ile ya polepole. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Wenye bunduki walimuuliza watoto wako wapi, akawajibu wameenda shamba. Wakaenda kwenye shamba la karanga mbele ya shule, wasione mtu, wakarudi kumpiga kwa kitako cha bunduki. Kwanza walifyatua risasi hewani kumtisha, lakini hakuongeza neno. Mwisho wakabeba unga na maharage ya shule, wakaingia msituni.

Tuliita majina, kisha tukaita tena, kwa kuwa hatukuamini. Watoto wote walikuwepo. Wazazi walifika wakihema, kina mama wakiwapapasa watoto mabega na vichwa kutafuta jeraha lisilokuwepo. Uji ulikuwa umeungua. Tuliwagawia hivyo hivyo, wakanywa wote, na wadogo wakaanza kusukumana kwenye foleni kama kawaida yao. Nilikaa chini ukutani nikalia. Sijawahi tena kushusha pumzi kama siku ile.

Baba Jenerosa, wale watu walikutana naye barabarani akiwa anarudi. Watu wa barabara ya pili alikuwa ameshawaonya, nao walikuwa wamejificha. Ile risasi ya mbali tuliyoisikia ndiyo iliyomuua.

Siku hizi nikienda Mpanda mjini nakutana na wanafunzi wangu wa wakati ule, wengine wameshapata uraia, wana watoto wao wanaosoma. Wananisalimia, nafurahi siku nzima. Na kila mara namkumbuka mtu yule na baiskeli yake, jinsi alivyoigeuza.

Jioni ile nilimpeleka Jenerosa kwao, nimemshika mkono. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yetu; majirani walijaa uani. Nilikuwa nimepanga maneno ya pole njiani. Mama yake alimvuta binti yake akamkalisha mapajani, ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha, kisha akaniuliza yeye kwanza.

"Na watoto wa wenzetu, Mwalimu?"

"Wamerudi wote, mama."

Akamshika mtoto nywele.

"Basi aliwahi," akasema.