Mama Mkwe Asiyeonekana

Mwanangu, nimeusoma mswada wako, nikaikumbuka siku moja pale Tunduma, sebuleni kwa Bibi Namwinga, nikiwa kijana mwenye kichwa kigumu kama chako.

Tamthilia yetu ya televisheni ilikuwa imependwa sana. Ilisimulia zama za wakoloni, mpaka wa nchi ulipoukata ukoo katikati: bibi harusi yuko huku, mama yake mgonjwa kabaki ng'ambo, na mama mkwe hataki avuke. Mama mkwe huyo ndiye Bibi Namwinga. Aliigiza ukali hadi wauza nyanya sokoni wakamnunia kweli, maskini, mzee wa kanisa asiyemdhuru mtu!

Sasa tulitaka kuigeuza iwe filamu ya saa mbili. Mimi mwandishi sikuthubutu kumtoa mtu. Waigizaji wote walikuwa ndugu na majirani, Jumapili ningewatazamaje? Nikawasukumiza wote ndani. Mwongozaji akanieleza wazi kwamba mswada ule hauchezeki, na nisipoupunguza hakuna filamu.

Nikampelekea Bibi, nikitumaini atanitetea. Alikuwa ameingoja filamu ile kuliko sisi sote. Hata gauni la siku ya kuonyeshwa alishashona. Akasoma hadi chai ikapoa.

"Hadithi ni ya nani, mwanangu?"

"Ya bibi harusi, Bibi."

"Mbona kila mahali ninasema mimi? Nitoe."

Nilitaka kulia. Nikamwambia watu watamtafuta. Akacheka.

"Kwetu mkwe anaingiaje kwa mama mkwe wake?"

"Anapiga magoti mlangoni, anapiga makofi polepole, anangoja aitikiwe."

"Basi mwache angoje. Mimi sitaitika."

Tukafanya hivyo. Siku ya kuonyeshwa alikuja na gauni lake, akaketi kando yangu. Bibi harusi alipopiga tena magoti mbele ya mlango ule ulio kimya, mama mmoja nyuma yetu akafyonya: "Huyu mama mkwe ana roho mbaya, jamani!"

Bibi akanifinya mkono. "Umesikia? Nimo."

Mwanangu, mtaka yote hukosa yote. Tamthilia hurudi kwa mtazamaji kila wiki. Filamu anaitazama mara moja, akaenda zake. Mfuate mtu mmoja. Unayemtoa, tafuta alama aliyoiacha kwa waliobaki, uitunze. Na umwambie mwenyewe, nyumbani kwake, kabla hajasikia kwa watu.

Mungu aibariki kalamu yako, akupe na wazee wa kukugombeza ungali unasikia.