Mota Iliyotaka Kuguswa

Tarehe 9 Julai 1974 tulimpoteza kaka yangu, wa tumbo moja, kwenye mashine ya kusaga pale Mwanjelwa. Mkanda ulishika mkono wa koti lake ukamvuta hadi kwenye puli, gurudumu linalozungusha mkanda. Alikufa kabla hajafikishwa hospitali.

Mwenye mashine alikuja msibani kwetu Uyole, akala wali wetu, akasema, "Koti ndilo lililomuua. Kila siku nilimwambia avue." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hadi arobaini habari ilikuwa moja: kijana mzembe, alivaa koti kwenye mkanda. Kwa baridi ya Julai ya Mbeya, nani angevua koti? Hakuna aliyeuliza. Wanawake waliokuwa foleni siku ile waliuliza kama unga wao umeingia damu. Mwenye mashine aliufuta mkanda kwa gunia, na mchana ule ule akaendelea kusaga.

Mota ile ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiiwasha ilinguruma tu bila kuzunguka, ikatoa harufu ya rangi inayoungua. Kaka aliuvuta mkanda kwa mkono, ndipo ikaondoka, ikazunguka. Kaka mwenyewe aliiita fahali.

"Fahali haendi mpaka aguswe mkia," alikuwa akisema, na wateja wakapiga kelele, "Mguse bwana, mguse, watoto wana njaa!"

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kujifunza umeme kwenye karakana ya misheni, Iringa. Nilikuwa na darasa la saba tu, lakini mwalimu wa pale hakuficha kitu. Alining'iniza waya katikati ya sumaku, akapitisha umeme wa betri. Waya ukaruka. Akaigeuza betri, ukaruka upande wa pili. Kisha akaukunja kuwa fremu yenye ekseli, fimbo ya kuzungukia, katikati. Ubavu mmoja ulisukumwa juu, mwingine chini, fremu ikageuka.

"Nguvu moja inasukuma," alisema. "Mbili zinazopishana, kila moja upande wake wa ekseli, zinazungusha. Na zikikaa mbali na ekseli zinazungusha zaidi. Ndiyo maana spana ndefu inafungua nati iliyogoma."

Halafu tukafika kwenye mota kubwa, ya nyaya tatu. Nyaya zile hupokezana zamu, kwa hiyo msukumo wenyewe unazunguka, na rota, kile kiini cha ndani, inaufuata. Ukikata waya mmoja, zamu imekufa. Msukumo unakwenda na kurudi pale pale, unavuta kulia sawasawa na kushoto, na mota inasimama inanguruma. Mwalimu alikata waya mmoja. Ikanguruma. Akaisukuma kwa kijiti kwenda kulia, ikaenda kulia. Akaizima, akaiwasha tena, akaisukuma kushoto, ikaenda kushoto.

"Mnaona? Haina akili. Inafuata mkono."

Darasa likacheka. Nilitoka nje; mkono aliousema ulikuwa wa kaka.

Likizo ilipofika nilikwenda Mwanjelwa. Nilitaka kitu kimoja: mwenye mashine aseme mbele ya watu kwamba si koti. Foleni ilikuwepo, na mbele kabisa alisimama shangazi, dada wa baba, na debe lake.

"Mzee," nilisema, "waya mmoja haufikishi umeme kwenye mota. Si fahali. Tazama swichi yako."

"Najua," alisema. "Mguu mmoja wa swichi umeungua tangu ndugu yako yupo. Mpya haipatikani. Na yeye ndiye aliyenionyesha. Alijua kuliko wewe, fundi wa juzi."

Nilikuwa nimekuja kumwondolea kaka uzembe. Kumbe alijua, na kila asubuhi aliupeleka mkono kwenye mkanda.

"Mbona msibani hukusema?"

"Niseme ili nifunge? Hawa wasage wapi?"

"Kweli kabisa," sauti ikatoka kwenye foleni. "Fundi, ondoka mlangoni, unatuzibia mwanga!"

Wakacheka. Shangazi, aliyejigaragaza kwenye udongo wa kaburi la kaka, alikuwa akiitazama miguu yangu.

"Mwanangu," alisema, "koti, waya, yote ni mauti. Yameshapita."

Mwenye mashine akawasha. Ikanguruma. Akachukua mpini wa jembe, akausukuma mkanda nao, yeye mwenyewe akisimama mbali. Ikaondoka. Shangazi akanyanyua debe, akamimina mahindi yake.