Bei ya Masikio ya Baba

Kaka yangu mkubwa anaogopa kuibiwa kuliko anavyoogopa kifo. Nimeshamwambia hivyo usoni, kwa hiyo sioni haya kuliandika. Nyumbani tunamwita Yaya, kwa heshima ya mzaliwa wa kwanza, na heshima hiyo ndiyo iliyotufunga midomo wakati tulipopaswa kupiga kelele.

Baba yetu alifanya kazi miaka yake yote katika karakana ya reli. Nyundo na mabehewa vilimla masikio polepole, na alipostaafu alikuwa akimsikia mtu mmoja tu: mama. Si kwamba mama alipaza sauti. Alijua kuinama upande wa kushoto, kuifanya sauti iwe nzito, na kutumia maneno machache. Mgeni akija kwetu, hapa kwenye komini ya mji wetu iitwayo Kenya, si ile nchi, alisema lake, mama akainama, baba akacheka akiwa amechelewa kidogo, na mazungumzo yakaendelea. Tulizoea hivyo hata hatukuona kuwa ni shida.

Kisha mama akaugua moyo. Hospitali walifanya waliloweza, halafu daktari akatushauri kwa upole tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Tulielewa maana yake. Mama alirudi na sauti nyembamba kama ya mtoto mwenye homa. Jioni ya kwanza aliinama kwenye sikio la kushoto la baba, akasema kitu, na baba akamtazama tu. Akasema tena. Baba akatikisa kichwa, "Ndiyo, ndiyo," vile anavyowajibu watu wote asiowasikia. Mama alinigeukia mimi, na sijawahi kuona aibu ya namna ile usoni mwake.

Mtu ataniuliza kwa nini hawakuandikiana. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, na mkono wa mama ulitetemeka. Mimi, kitinda mimba niliyebaki nao nyumbani, nilijitolea kuwa mkalimani: mama ananinong'oneza, mimi nampigia baba kelele. Tulijaribu. Lakini kuna maneno ambayo mke hawezi kumfikishia mumewe kwa kelele za binti yake, jirani wa kushoto na wa kulia wakisikiliza. Mama aliacha kuninong'oneza, akabaki kuomba maji na mto.

Nikaomba kikao cha familia. Kila mtu alitoa alichoweza ili baba anunuliwe vifaa vya kusikia. Madukani mjini vilikuwa ghali mno, lakini Yaya, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya malori na ana kadi ya benki, alivipata kwenye duka la mtandaoni la ng'ambo, na kulikuwa na wakala wa kuvisafirisha mpaka hapa. Pesa zilizokusanywa zilitosha. Zilitosha siku ileile. Naomba msomaji alishike hilo, maana Yaya hapendi likumbukwe.

Shida ilikuwa ile programu yake ya bure kwenye simu. Unachukua anwani ya bidhaa, unaibandika humo, unaandika bei unayoitaka, halafu programu inalinda duka usiku na mchana. Bei ikishuka mpaka pale ulipoandika, simu inalia. Inakuchorea na mstari, unaopanda na kushuka, uone bei ilivyotembea miezi iliyopita. Yaya alituonyesha huo mstari kama padri anayeinua hostia.

"Munaona? Mwezi ya nyuma ilikuwa chini. Sasa banaipandisha juu ya kutudanganya. Tukilipa leo, banatuiba."

"Yaya, mama hana mwezi ingine," nikamwambia.

"Leka kiherehere. Subira huvuta heri."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamjibu, naye akacheka, akanipigapiga begani.

Uchungu zaidi ni kwamba baba mwenyewe alikuwa upande wake. Tulipomweleza kwa kelele, uso wake uling'aa. Ndiye aliyetufundisha kununua. Sokoni alishika kiatu, akataja bei yake, akakiweka chini na kuondoka mikono nyuma, polepole, akimpa mwuzaji muda wa kujuta. Na mwuzaji alimwita. "Muzee, rudia!" Daima alimwita. Kwetu, anayelipa bei ya kwanza ni mgeni au ni mjinga. Yaya alipompigia kelele kwamba simu ndiyo itakayoondoka kwenye meza, na duka la Wazungu ndilo litakalotuita, mzee alimpa mkono wa hongera.

Basi tukangoja. Kila Jumapili baada ya misa Yaya alikuja, na baba alimuuliza kabla hajakaa: "Beyi?" Yaya alijaza mapafu: "Iko nashuka, Papa!" Barabara nzima ilijua bei ya masikio ya baba. Wapita njia walisimama langoni kuuliza imefika wapi. Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini anayeuza maharagwe kwa jumla, mtu anayeishi kwa kuvizia bei, ndiye pekee aliyetikisa kichwa. "Mimi nangojeaka bei ya maharagi," akaniambia. "Masikio si maharagi, dada."

Na bei ilishuka kweli. Simu ililia Jumapili moja tukiwa mezani, bukari, ugali wetu, bado ya moto. Ilikuwa imefika palepale Yaya alipopaandika. Mimi nilisimama. Nilidhani yamekwisha. Yaya akautazama ule mstari, akatabasamu, akafuta bei yake na kuandika nyingine, ya chini zaidi.

Sikuamini macho yangu. "Unafanya nini?"

"Mwenye kuuza akianza kushuka, hapana kumuachilia," alisema, na baba, alipofikishiwa, alipiga meza kwa furaha. Huo ni msemo wa baba. Ni kweli sokoni, mbele ya mtu mwenye watoto wa kulisha jioni ile. Mashine haina watoto. Baada ya siku chache bei ilirudi juu, ikapita hata pale ilipoanzia, na Yaya akasema si neno, sasa tumejua udhaifu wao.

Nilimchukia. Nalisema waziwazi. Nilipomfuta mama uso asubuhi nilikuwa nikimchukia kaka yangu, nilipofagia uwanja nilikuwa nikimchukia, na Jumapili nilimpakulia chakula na kumwita Yaya.

Mama alifariki asubuhi, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza. Tulitandaza maturubai, tukakodi viti, watu wa parokia wakaja kukaa nasi kwenye kilio. Baba alikaa katikati yao na kumwambia kila mtu ndiyo, ndiyo. Hapo, kati ya wimbo na wimbo, simu ya Yaya ililia. Alitoka nyuma ya turubai. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeleta habari njema.

"Imeshuka," akasema. "Nimenunua."

Shangazi mmoja akasema Mungu ni mwema. Mimi nilitoka nikaenda kukaa jikoni kwenye magunia ya makaa, nikalia kwa hasira, si kwa msiba.

Vifaa vilifika kwa wakala baada ya majuma kadhaa. Ni vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Baba anasikia kuku, anasikia pikipiki za abiria kabla hazijakata kona, anasikia vipaza sauti vya kanisa la uamsho na kuvitukana. Yaya akisimulia habari hii kwa watu hupenda kutaja ni kiasi gani tuliokoa.

Mchana mmoja tulikuwa wawili barazani, mimi nachambua sombe, majani ya muhogo ya kupika jioni. Baba alisema taratibu, maana sasa anajisikia mwenyewe:

"Ile juma ya mwisho, mama yenu alinishika shati, akaniuliza kintu. Mara mbili. Nilizani iko nauliza beyi, nikamuambia iko nashuka. We ulikuwa pale. Alisema nini?"

Nilikuwa pale, mlangoni, na bakuli la uji mkononi. Mama alikuwa amemwuliza: "Utabakia na nani?" Alikusanya pumzi, akauliza tena vilevile: "Utabakia na nani?" Na baba akampigia kelele za furaha, "Iko nashuka, mama! Karibu ifike!" Mama akaliachia shati.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, sikio la kushoto upande wangu, kwa mazoea. Hasira yangu yote ilikuwa kooni, na aliyestahili kuimeza hakuwa yule mzee.

"Alikuwa nauliza beyi, Papa."

"Aa," akasema, akaegemea kiti. "Basi nilimujibu."