Supu ya Wodi ya Wanaume

Caroline Wakhungu alitoka Kakamega akiwa msichana, akapanga chumba Kitengela, na tangu hapo amekuwa mpishi wa hospitali ya serikali. Ni mnene, mcheshi, na sauti yake hufika wodini kabla ya uji.

Mwaka huu mambo yalikaza. Mwenye kuleta chakula hospitalini hakuwa amelipwa, akasimamisha lori lake. Kaunti ikasema inangoja pesa kutoka serikali kuu, Nairobi. Nairobi ikasema mikopo ya benki ilipwe kwanza. Asubuhi moja Caroline akafungua stoo, akakuta unga wa uji peke yake.

Hakupenda watu wangoje chakula kisichokuja, kwa hivyo akaenda wodi ya wanaume kuwaambia mwenyewe.

"Takwenya, mama," akamsalimu kwa Kimaasai mzee Leshan, mfugaji wa upande wa Isinya aliyelazwa kwa mguu uliovunjika.

"Iko, mzee," Caroline akaitikia. "Leo ni uji mchana, uji jioni. Serikali iko na deni."

"Na mimi nilikopa lini?" akauliza Obura, mwendesha bodaboda wa kitanda cha pili. Wodi nzima ikacheka.

Leshan hakucheka. "Kama maziwa yote yanakamuliwa yaende kwa mwenye kudai, ndama atanyonya nini?" Akaomba simu, akazungumza Kimaasai kwa muda mrefu.

Alasiri binti yake, Lorna, akafika langoni na beberu mnene. Askari akamzuia.

"Huyu ni mbuzi."

"Amekuja kumwona baba," Lorna akajibu bila kupepesa macho.

Wakiwa bado wanabishana, beberu akachomoka, akaingia ndani. Margaret, muuguzi mkuu, akapanda juu ya benchi. Obura akashangilia kama aliye uwanjani. Caroline ndiye aliyemkamata pembe, kitambaa chake cha kichwa kikiwa kimeanguka huko nyuma.

Margaret akashuka, akakaza uso. "Huyo hachinjwi hapa! Mpelekeni kichinjioni, nyama ipimwe, ndipo irudi."

Nyama ikarudi jioni kwa ndoo mbili. Caroline akachemsha mifupa hadi harufu ikafika wodi ya wazazi, nao akina mama wakatuma mjumbe kuuliza kama wao si wagonjwa. Akaongeza maji, akaongeza chumvi, kila mtu akapata. Margaret alikunywa vikombe viwili, amesimama, akisema anaonja tu.

Habari ilipofika sokoni, wauza mboga wakaleta sukuma wiki. Wodi zikala hivyo mpaka lori liliporudi. Dawa, hata hivyo, nyingi bado zilinunuliwa nje, na jambo hilo Caroline hakuwa na sufuria ya kulipikia.

Siku Leshan aliporuhusiwa kwenda nyumbani, alisimama kwa magongo mlangoni mwa jikoni, akampa jina la Kimaasai: Nashipae, mwanamke mwenye furaha. Caroline akampigia mamake Kakamega papo hapo.

"Na-shi nini?" mama akauliza.

Akamfundisha hadi salio likaisha.